Hana Deni, Lakini Tunamlilia

Mkataba wa Clatous Chama na Simba ulikwisha mwishoni mwa Juni 2024, na tarehe 1 Julai Yanga wakamtambulisha. Kisheria hakuna jambo jepesi kuliko hilo. Hakuna klabu iliyoibiwa, hakuna ada ya uhamisho iliyodaiwa, hakuna sahihi iliyoghushiwa. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 kwenye mkataba wake kuzungumza na klabu nyingine, na siku mkataba unapofika mwisho anakuwa mtu huru. Kama maisha yangekuwa yanaendeshwa na makaratasi peke yake, jioni ile ingepita Mwanza kama jioni nyingine yoyote.

Haikupita hivyo. Nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mahali ambapo magunia ya dagaa hupangwa yakisubiri malori ya Burundi na Kongo, kuna kijiwe cha kahawa. Pale nilimkuta kijana mmoja mfunga magunia amekaa juu ya mzigo wake, jezi nyekundu mapajani, anabandua jina la Chama kwa kucha. Alikuwa anabandua herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayeogopa kuuchana mwili wa jezi. Jezi yenyewe ilikuwa imepaushwa na jua la miezi mingi ya kazi. Kwa hiyo kila herufi ilipobanduka, chini yake palibaki wekundu wa siku ile jezi iliponunuliwa, na alipomaliza, jina likawa linasomeka vizuri kuliko mwanzo. Muuza kahawa, mzee wa makamo, akamwambia, "Mdogo wangu, iache tu. Utanunua nyingine." Kijana akamjibu bila kuinua uso, "Nyingine niandike jina la nani, mzee?"

Swali lile limenikaa. Nimelisikia likiulizwa kwa maneno mengine mara nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno. Watu wazima wenye akili timamu husema mpira ni kazi, mchezaji anatafuta riziki, maisha yake uwanjani ni mafupi, aende penye maslahi. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli huo haumjibu kijana wa Mwaloni, kwa sababu yeye hakusema kwamba Chama amevunja sheria. Alikuwa na uchungu, na uchungu haukanushwi kwa kumwonyesha mtu kifungu cha mkataba.

Tuanze na kile kilichoondoka. Chama alitua Simba mwaka 2018. Desemba ya mwaka ule, dhidi ya Nkana ya nchini kwao Zambia, alifunga kwa kisigino dakika za mwisho, Simba ikashinda 3-1 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019, dhidi ya AS Vita, mechi ikiwa 1-1 na robo fainali ikiponyoka, alifunga dakika ya 90. Machi 2023 alifunga mabao matatu siku Simba ilipoichapa Horoya 7-0. Hayo ni mambo ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, lakini usiku wa AS Vita nilisikia mji huu ukilipuka kuanzia Mabatini hadi Igoma. Watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana barabarani. Mama mmoja wa jirani yetu, ambaye hajui kuotea ni nini, alitoka nje na khanga yake akashangilia na wanawe kwa sababu tu wanawe walikuwa na furaha ile.

Furaha ya namna ile hainunuliwi. Kiingilio hakiilipii, wala king'amuzi. Mshahara wa Chama ulimlipa kwa kukimbia, kupiga pasi na kufunga. Kile kilichotokea Mabatini usiku ule hakikuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote. Sisi tulimpa mapenzi ambayo hakuyaomba, naye alitupa kumbukumbu ambazo hakujua anatupa sisi. Hakuna aliyesaini, kwa hiyo hakuna tarehe ya mwisho. Mkataba wa mchezaji una siku ya kuisha. Shabiki hana mkataba, na kisicho na mkataba hakiishi tarehe 30 Juni.

Hapo ndipo penye kidonda, nadhani. Pande mbili zilikuwa ndani ya jambo moja, upande mmoja una kalenda na mwingine hauna.

Kuna kitu kingine kinachothibitisha kwamba hasira haitokani na kuondoka kwenyewe. Chama alikuwa ameshaondoka Simba mara moja. Agosti 2021 alikwenda RS Berkane ya Morocco, na hakuna jezi iliyobanduliwa. Watu walihuzunika, wakamwombea heri, wakamfuatilia huko, na aliporudi Januari 2022 walimpokea kama ndugu aliyetoka safarini. Morocco ni mbali sana. Kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga ni mwendo wa miguu. Lakini safari ile fupi ndiyo iliyouma. Mtu akienda mbali unamkosa, basi. Akienda kwa mtani wako, humkosi hata kidogo. Unaendelea kumwona kila wiki, anafanya yaleyale uliyoyapenda, kwa mguu uleule, na sasa kila anachokifanya vizuri kinakuumiza. Kisigino kilichokufanya umkumbatie jirani ndicho kitakachomfanya jirani akucheke. Sijui kama kuna huzuni nyingine inayofanana na hiyo, ya kumwona mtu uliyempenda akiwa mzima, yupo, ana furaha, na furaha yake ni hasara yako.

Waingereza waliionja mwaka 2001, Sol Campbell alipomaliza mkataba wake Tottenham akavuka kwenda Arsenal, majirani wa London Kaskazini, bila Tottenham kupata hata senti. Wakamwita Yuda, na miaka mingi baadaye bado walikuwa wanamwita hivyo. Kwetu neno ni msaliti. Nimelitafakari sana neno hilo na siwezi kulikubali, ingawa naelewa linatoka wapi. Usaliti unahitaji ahadi iliyovunjwa. Chama aliahidi nini? Aliahidi kucheza hadi tarehe fulani, na alicheza hadi tarehe hiyo.

Wengine watasema ahadi haikuwa kwenye karatasi, ilikuwa kwenye jezi: mchezaji akifunga, akaishika nembo ya klabu na kuibusu mbele yetu, ametuapia. Hapa Mwanza tuna sababu ya kulijua jambo hilo vizuri kuliko wengi, kwa sababu mtoto wetu mwenyewe aliwahi kubusu jezi, na yaliyompata yanapaswa kutufikirisha.

Mrisho Ngassa alizaliwa mji huu mwaka 1989. Baba yake, Khalfan Ngassa, alikuwa mchezaji wa Pamba. Mrisho alipita Toto Africans, timu ambayo wazee wa hapa huihesabu kama mtoto wa Yanga kwa jina na kwa damu, akaenda Kagera Sugar, kisha Yanga mwaka 2006. Anahesabiwa kuifungia Taifa Stars mabao 25. Mwaka 2010 alihamia Azam. Julai 2012, kwenye nusu fainali ya Kombe la Kagame, aliifungia Azam bao la ushindi dhidi ya AS Vita, na katika shangwe ile akachukua jezi ya Yanga akaibusu. Alikuwa amevaa jezi ya mwajiri wake na anabusu jezi ya moyo wake, mbele ya kila mtu. Azam hawakufurahi, na kabla ya msimu kuanza wakampeleka kwa mkopo Simba, mahasimu wa klabu aliyoibusu. Mwaka 2013 alirudi Yanga, ikabainika alikuwa ameshapokea fedha za Simba. TFF ikamfungia mechi 6 na kumtaka arudishe Sh milioni 45.

Kosa la kupokea fedha za watu ni kosa, sitalitetea. Lakini lile busu linanisumbua. Tunalalamika kila msimu kwamba wachezaji wa siku hizi hawana mapenzi na jezi, wanatazama fedha tu. Akatokea mmoja mwenye mapenzi na jezi, akayaonyesha mahali pasipostahili, na mapenzi yale yakawa kosa la kazini. Tunataka nini hasa kwa watu hawa? Tunataka wapende, ila waipende klabu inayowalipa, na waanze kuipenda siku ya utambulisho, na waache kuipenda siku ya kuagwa. Moyo wa mtu haufunguliwi wala kufungwa kama dirisha la usajili. Sisi mashabiki tunalijua hilo kuliko wote, maana mioyo yetu wenyewe imetushinda kuihamisha.

Feisal Salum naye alijaribu kulimaliza jambo hili kwa hesabu. Desemba 2022 aliingiza Sh milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, akaaga. Kwa hesabu yake alikuwa amerudisha walichompa na kuongeza mishahara ya miezi mitatu, amekuwa huru. TFF wakasema hapana, bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaenda miezi, hadi Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Yanga kwenye chakula cha jioni Ikulu, akawaomba walimalize suala la kijana. Siku chache baadaye akawa wa Azam. Nakumbuka mabishano ya wakati ule kwenye daladala za Buhongwa. Wanasheria wa kijiweni walikuwa wanabishana kuhusu kifungu na fidia, lakini mashabiki wa Yanga walikuwa wanauliza jambo tofauti kabisa: zile Jumamosi tulizomwimbia, amezirudisha kwenye akaunti gani?

Ni swali la watu waliojeruhiwa, na nalichukulia kwa uzito wake wote. Jibu langu ni kwamba hakuna akaunti hiyo, na ni vizuri haipo. Kinachoweza kurudishwa ni mkopo. Tulichokitoa sisi hakikuwa mkopo. Na hapa ndipo naona tunapopotea njia: tuna majonzi, nayo tunayageuza kuwa madai. Madai lazima yawe na mdaiwa, kwa hiyo tunamtafuta, tunamkuta mchezaji, tunamkaba. Majonzi hayahitaji mdaiwa. Mtu anaweza kupoteza kitu kikubwa bila kuwepo aliyemkosea, na machozi yake yasiwe na kasoro yoyote.

Wala uhuru huu wa mchezaji haukuja bure. Jean-Marc Bosman alikuwa mchezaji wa RFC Liège ya Ubelgiji. Mkataba wake ulikwisha mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini klabu yake iliendelea kumshikilia kwa kudai ada, ingawa haikuwa na mkataba naye tena. Alipigana mahakamani miaka mitano, hadi Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba asizuiwe. Yeye mwenyewe hakufaidi. Miguu yake ilishapitwa na wakati. Kila nikisikia mtu anasema mchezaji "ameondoka bure" kama kwamba kuna aliyenyang'anywa, namkumbuka yule Mbelgiji. Kabla yake, mtu aliweza kumaliza kazi yake na bado akawa mali ya tajiri wake. Siwezi kuwapenda wachezaji halafu nikatamani warudishwe huko.

Tena si kila anayeondoka amechagua. Lionel Messi, Agosti 2021, alikuwa tayari kubaki Barcelona kwa nusu ya mshahara. Hesabu za klabu ndizo zilizoshindwa kumwandikisha, na dunia ikamwona akilia hadharani. Mashabiki wa pale walilia naye. Hakuna aliyemdai mwenzake chochote, na nadhani ndiyo maana machozi yale yalikuwa safi.

Sasa niseme jambo linalonihusu, ambalo ndilo limenifanya niandike. Mimi ni shabiki wa Simba kwa sababu wachezaji waliondoka Mwanza.

Baba yangu alikuwa Pamba. Miaka ya 1980, TP Lindanda, Wana Kawekamo, ilikuwa timu ya kutisha. Ilikuwa na fedha ya zao la pamba nyuma yake, ilikuwa na vijana wa Kanda ya Ziwa, na Kirumba, uwanja uliofunguliwa mwaka 1980, ulikuwa mahali ambapo Simba na Yanga zilikuja kwa wasiwasi. Kisha wachezaji wakaanza kuitwa Dar es Salaam. George Masatu akaenda Simba. Hussein Masha akaenda Simba. Baba, ambaye kabla ya hapo Simba kwake ilikuwa timu ya kufungwa, akaanza kukaa karibu na redio kila Simba ilipocheza, kumsikiliza mtangazaji akimtaja Masatu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan. Ilitoka sare 0-0 ugenini, mji mzima ukaamini kombe limeshakuja, ikaja kufungwa 2-0 nyumbani mbele ya taifa zima. Baba aliumwa siku mbili. Tangu hapo nyumba yetu ikawa nyekundu na haijabadilika.

Soko la pamba lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, mfumo wa zamani wa zao ukalegea, na timu iliyosimama juu ya zao hilo ikalegea nao. Mwaka 2001 Pamba ikashuka daraja na ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka 23. Wakati huo wote sisi tulikuwa tumeshahama. Tuliwafuata wachezaji wetu hadi kwa wakubwa, na wachezaji walipostaafu, sisi tukabaki kule.

Kwa hiyo nikimtazama kijana wa Mwaloni na jezi yake naona kitu ambacho yeye pengine hakioni. Uaminifu wake kwa Simba, ambao anauona kama mwamba usiotikisika, mizizi yake ni kuondoka kwa watu. Kuna mtu aliwahi kuhama akamwacha babu yake ameduwaa, na babu akaamua kumfuata. Sisemi hivyo kumpunguzia thamani. Nasema kwamba mapenzi ya mpira katika mji huu hayajawahi kukaa mahali pamoja. Yameletwa na wahamaji na yamebebwa na wahamaji. Hata Yanga wa hapa, ukiwauliza wazee wao, watakupeleka Nyamagana, Agosti 1974, Simba na Yanga zilipoletwa kumalizia ligi ya taifa kando ya ziwa: Adam Sabu akaitanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za lala salama, Sunday Manara akafunga katika muda wa nyongeza, na familia nzima nzima za Mwanza zikawa za kijani siku ile. Manara mwenyewe hakukaa. Baada ya miaka michache alikuwa Ulaya. Familia zile zipo mpaka leo.

Wasukuma walishalifikiria jambo hili la mchezaji na mshabiki kwa namna yao, na naona walilipanga kinyume na wenye mpira. Kila Juni, kule Bujora, Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, vikiwa vimetenganishwa na nafasi kidogo. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Basi watu huhama. Upande huu wakitoa nyoka, umati unakimbilia huku. Upande wa pili wakibadilisha mapigo ya ngoma, umati unamiminika kule, na unaweza kuona vumbi likifuata miguu ya watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mcheza ngoma ndiye asiyehama. Yeye ni Mgika au ni Mgalu, ameingizwa kwa dawa na kwa mafunzo, na atazeeka hivyo. Aliye huru ni mtazamaji.

Nimesimama Bujora na nimehama na umati, na nakiri raha ya uhuru ule: hakuna anayekulaumu, na ukipendezwa unakwenda. Lakini nimegundua pia kwamba sijawahi kurudi kutoka Bulabo nikiwa na uchungu. Sijawahi kukosa usingizi kwa sababu Bagalu wameshindwa. Nilikuwa huru, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunijeruhi. Kwenye mpira mambo yamegeuzwa, mchezaji ndiye anayetembea na mimi ndiye nimefungwa, na ndiyo sababu bao la dakika ya 90 linaweza kunitoa machozi. Sioni namna ya kupata kimoja bila kingine. Anayetaka shangwe ya AS Vita bila uchungu wa Julai 2024 anataka kuwa mtazamaji wa ngoma, na hilo ni jambo jema, ila si ushabiki.

Haruna Niyonzima ananipa matumaini. Alikaa Yanga tangu 2011, na mwaka 2017, mkataba ulipokwisha, akavuka kwenda Simba. Mashabiki wa Yanga waliichoma moto jezi yake. Nani angeamini kwamba mwaka 2020 angerudi Jangwani, na kwamba Julai 2021 wangemuaga kwa heshima, uwanja mzima ukimpigia makofi? Ninaamini wengine waliopiga makofi ndio haohao walioshangilia moto. Sidhani kama walikuwa wanafiki siku yoyote kati ya hizo mbili. Hasira ya kwanza na makofi ya pili vilitoka mahali pamoja. Ingekuwa hawakumpenda, mwaka 2017 wangepiga miayo. Chama naye hakudumu Jangwani. Mwaka 2025 alikuwa Singida Black Stars, na tayari nawasikia watu wa Simba wakitamka jina lake bila kuuma meno.

Sasa nifike kwenye kile kinachoniuma zaidi ya Chama.

Mwaka 2017 mji huu ulikuwa na Mbao FC. Timu changa, ndiyo kwanza imepanda, kocha wake Etienne Ndayiragije kutoka Burundi. Aprili 30 waliwafunga Yanga 1-0 hapa Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na Mei 27 kule Dodoma wakaipeleka Simba hadi dakika 120 kabla ya kufungwa 2-1. Baada ya hapo kikosi kikapukutika. Kipa Emmanuel Mseja na beki Jamal Mwambeleko wakaenda Simba. Pius Buswita akagombewa na Simba na Yanga mpaka akafungiwa, kisha akafunguliwa, akacheza Yanga. Kocha naye akaondoka mwaka uliofuata. Mwaka 2020 Mbao ikashuka. Wachezaji wote wale waliondoka mji huu, na sikumbuki jezi hata moja iliyochomwa. Sikumbuki mtu aliyeketi juu ya gunia. Wengi wetu tulifurahi kwamba Simba au Yanga yetu imepata mchezaji.

Novemba 2024 Simba ilikuja Kirumba kucheza na Pamba Jiji, iliyokuwa imerudi Ligi Kuu mwaka huohuo. Simba ilishinda 1-0 kwa penalti. Nilikuwa jukwaani, na mpira ulipoingia wavuni, uwanja wa Mwanza ulipiga kelele kana kwamba ni bao la wenyeji. Nami nilipiga. Halafu nikawatazama vijana wa Pamba wakirudi katikati kuanzisha mpira, nyumbani kwao, kati ya watu wa mji wao wanaoshangilia, na nikashindwa kuketi.

Hawa ndio wasiolaumiwa na mtu. Mikataba yao ni mifupi, ikiisha wanahama kwenda Tabora, Mbeya, Lindi, popote penye timu, na wakiondoka hakuna anayewaita wasaliti, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewapa kitu. Chama alipoondoka, watu wa pwani ya ziwa hili ambao hakuwahi kuwaona walikosa hamu ya kula. Ukitazama vizuri, aliheshimiwa kuliko wote. Mchezaji anayetukanwa na watu elfu hamsini amewahi kupendwa na watu elfu hamsini. Yule anayepanda basi stendi ya Nyegezi alfajiri na begi lake, msimu umeisha na mkataba umeisha, na kondakta hamjui, huyo ndiye mchezaji huru kweli, na uhuru wa namna hiyo simtakii kijana yeyote.

Sitaacha Simba, nimeshasema mioyo yetu imetushinda kuihamisha, na wangu umo. Lakini sioni kwa nini moyo uliojaa Masatu, Chama na wengine wote waliopita uwe umejaa kabisa. Kirumba si mbali na kwangu. Dirisha dogo la usajili hufunguliwa katikati ya msimu, na kuna kijana wa Pamba ataondoka humo bila kelele. Nataka safari hii nimjue jina, namba, mguu anaopigia na mtaa alikokulia, kabla hajaondoka, ili akiondoka iniume.